Barua ya wazi kwa Serikali ya Kenya kuhusu kibali cha kutoka kambini

Kwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Kamishna wa Wakimbizi, Wabunge na Maseneta, na Magavana wa Turkana na Garissa

Waheshimiwa,

MINTARAFU: UHURU WA WAKIMBIZI KUSAFIRI NA KUFANYA KAZI

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kwa miaka saba sasa nimekuwa nikifundisha katika shule ya upili iliyo ndani ya kambi ya Kakuma, kaunti ya Turkana, na kabla ya hapo nilifundisha Kitale. Nimeshika kalamu kuwaandikia kuhusu kijikaratasi ambacho wengi wenu huenda hamjawahi kukishika, ilhali ndicho kinachoamua kama mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kwenda kumwona daktari Lodwar, kununua bidhaa Kitale au kuripoti chuoni Eldoret. Ni kibali cha kutoka kambini. Kina jina la mtu, sababu ya safari, mahali anakokwenda na siku alizoruhusiwa kuwa nje. Siku hizo zikiisha kabla hajarudi, mtu huyo anahesabiwa kuwa amevunja sheria, hata kama hana kosa jingine lolote duniani.

Kuna msichana niliyemfundisha ambaye alizaliwa hapa hapa Kakuma, wazazi wake wakiwa wametokea Kivu Kusini. Alikuwa mwepesi wa kuchambua mashairi, hati yake ndogo imenyooka kama uzi, na katika mtihani wa kidato cha nne aliwapita wavulana wote wa darasa lake. Akapata nafasi chuo kikuu, akapata na mfadhili wa karo. Kibali alichopewa kilikuwa cha siku tano za kusafiri na kuripoti, ili akishasajiliwa chuo kimwandikie barua ya kuombea kibali kirefu. Siku hizo tano zilianza kuhesabiwa tangu karatasi ilipotiwa sahihi, nayo ilimfikia mkononi siku ya tatu. Alipopanda basi, mvua ilikuwa imenyesha milimani, na wanaoijua barabara yetu wanajua maana yake: laga, yaani mto wa msimu, ikajaa, basi likalala ng'ambo hii ya maji usiku mmoja, likalala na usiku wa pili, na lilipofika kwenye kizuizi cha kwanza baada ya kuvuka, kibali kilikuwa kimekwisha muda. Akateremshwa na begi lake. Abiria wengine, waliokuwa wamelala naye juu ya changarawe na kugawana naye maji, waliendelea na safari yao. Yeye alirudishwa Kakuma, na nafasi ile ikampita mwaka huo.

Sina nia ya kumlaumu afisa aliyemteremsha. Alisoma tarehe, akafanya alivyoagizwa. Ninaowaandikia ni ninyi mnaoagiza.

Kenya ina sheria nzuri ya wakimbizi, na nalisema hilo kwa moyo mweupe. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022 na kuifuta ile ya 2006, inatamka kwamba mkimbizi ana haki ya kufanya kazi ya kumpatia riziki au kuendesha biashara, kwamba vyeti vyake vya taaluma vinaweza kutambuliwa, na kwamba serikali kuu na za kaunti zimrahisishie kupata hati anazohitaji ili achangie uchumi wa nchi hii. Niliposoma vifungu hivyo mara ya kwanza niliwaita walimu wenzangu tukavisoma pamoja, na mmoja wao, Mrundi aliyefundisha hisabati kwa miaka mingi, aliomba nimrudie kifungu cha kazi polepole. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu Waziri kutenga maeneo maalumu ambamo wakimbizi wanatakiwa kukaa, na anayetoka humo bila ruhusa anatenda kosa. Haki ya kazi imetolewa, kisha imezungushiwa ua katika sehemu mbili kati ya zilizo kame na maskini zaidi katika Kenya nzima. Mwalimu yule wa hisabati anaruhusiwa na sheria kufundisha. Shule inayomhitaji iko Trans Nzoia, nayo iko nje ya ua.

Machi 2025 Rais alizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab ziwe makazi ya kawaida ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia shule, hospitali na masoko ya pamoja, chini ya usimamizi wa manispaa. Wengi tuliupokea kwa furaha, na mimi bado nauunga mkono. Hata jina lake limechaguliwa vizuri. Ninachoogopa ni kwamba mji usiokuwa na ruhusa ya kutoka na kuingia hauwezi kuwa mji, hata ukiwa na meya, bodi na mfereji wa maji katika kila mtaa. Miji yote tuijuayo ilikua kwa sababu watu walikwenda mashambani wakarudi na mazao, wakaenda pwani wakarudi na nguo, wakampeleka mtoto shule ya mbali akarudi na ujuzi. Makazi ya Kalobeyei, jirani na Kakuma, yalianzishwa mwaka 2016 kwa nia nzuri hiyo hiyo ya kuwaweka wakimbizi na wenyeji pamoja ili wajitegemee. Nawajua watu wa Kalobeyei. Wamelima bustani penye maji, wamefungua maduka, wamefuga kuku. Wakifika mwisho wa kile ambacho ardhi kame na wateja wasio na fedha wanaweza kuwapa, wanasimama hapo hapo, kwa kuwa mbele yao kuna kizuizi.

Sasa niseme la chakula, maana ndilo lililonisukuma kuandika barua hii mwaka huu badala ya kungoja.

Katikati ya mwaka 2025 mgao wa chakula Kakuma ulishuka ukawa chini ya theluthi moja ya mgao kamili. Sababu inajulikana: Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, iliondoa sehemu kubwa ya msaada wake kwa nchi za nje, na wafadhili wengine nao wakapunguza. Zile fedha za simu ambazo watu wamezoea kuziita Bamba Chakula, ambazo mama alikwenda nazo dukani akachagua mwenyewe kama anunue mchele au maharage, zilisimama. Mwezi Machi na tena mwezi Julai watu waliandamana, na maandamano hayo yalimwaga damu. Kisha kuanzia Agosti ukaja utaratibu mpya wa kuwagawa wakimbizi katika makundi manne kulingana na uhitaji. Walio kundi la kwanza wanapata zaidi, na wa kundi la nne, wanaohesabiwa kuwa wana uwezo wa kujitegemea, hawapati.

Nawaomba mlitazame kundi hilo la nne kwa makini, kwa kuwa humo ndimo sera zetu mbili zinapogongana. Katika mtaa wa karibu na shule yetu kuna fundi cherehani, baba wa watoto watano, aliyekuta ameandikwa kundi la nne. Ana cherehani moja ya kukanyaga kwa mguu, na mashirika ya misaada yakamwona kuwa mtu mwenye kazi. Wateja wake ni majirani zake. Majirani zake walikuwa wakimlipa kwa fedha za Bamba Chakula walizobakiza, au kwa kibaba cha unga. Mgao ulipokatika kwao, ulikatika kwake mara mbili. Mwezi ule alikuwa na sare za shule tatu tu za kushona, na mbili kati yake wenyewe hawakuja kuzichukua. Kitale kuna maduka ya sare yanayohitaji mafundi kila Januari. Mtu huyu ameambiwa na dunia kuwa anaweza kujitegemea, na ameambiwa na Kenya kuwa hawezi kutoka. Naomba mmoja wenu anieleze anatakiwa afanye nini kati ya hayo mawili, kwa sababu aliponiuliza sikuwa na jibu.

Na mgao haukuwaumiza wakimbizi peke yao. Watu wa Nairobi mara nyingi hudhani kwamba Waturkana na wakimbizi ni paka na panya. Ugomvi upo, juu ya kuni, maji na malisho, na umewahi kuua watu. Lakini kila alfajiri nawaona kina mama wa Kiturkana wakiingia kambini na mizigo ya kuni na magunia ya makaa kichwani, wakitembea kutoka manyatta za mbali. Kwa miaka mingi wamebadilishana kuni hizo na mahindi, unga na mafuta ya mgao. Ng'ombe na mbuzi walipokwisha kwa ukame, mgao wa mkimbizi ndio uliopika sufuria ya mwenyeji. Mwaka 2025 niliwaona kina mama hao wakirudi jioni na mizigo ile ile waliyokuja nayo. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2016 ulionyesha kuwa kuwepo kwa wakimbizi kumeongeza pato la eneo la Turkana kwa zaidi ya asilimia 3, na IFC, shirika la Benki ya Dunia linaloshughulikia sekta binafsi, mwaka 2018 ilikuta biashara zaidi ya 2,000 katika soko la kambi na mji wa Kakuma, ambalo thamani yake ilikadiriwa kufikia dola milioni 56 kwa mwaka. Gavana wa Turkana hahitaji kusomewa takwimu hizo, anazikusanyia ada. Ninachomwomba ni kwamba asimame Nairobi aseme kwa sauti kwamba wateja wa watu wake wakiruhusiwa kwenda kutafuta kipato, watarudi na fedha, kwa kuwa familia zao, nyumba zao na madeni yao yako hapa.

Niguse jambo moja la shuleni kwetu kabla sijaendelea. Katika chumba chetu cha walimu tumekaa meza moja watu wa aina mbili. Mwalimu Mkenya anapokea mshahara. Mwalimu mkimbizi, anayefundisha vipindi vile vile na kusahihisha madaftari yale yale, anapokea kile ambacho kambi nzima inakiita insentivu, yaani posho ya kumtia moyo, ambayo ni sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzake. Maelezo tunayopewa siku zote ni kwamba kisheria hajaajiriwa, anajitolea. Kibali cha kazi cha daraja la M, ambacho wakimbizi wanastahili kukipata bila malipo, kipo katika sheria, lakini katika miaka yangu saba sijakutana kambini na mwalimu mkimbizi aliyekishika. Na kwa kuwa hawezi kwenda kutafuta kazi kwingine, mwajiri hana sababu ya kumlipa zaidi. Mwenye kufungiwa mahali pamoja hana uwezo wa kupatana bei ya jasho lake. Kila mwisho wa mwezi najisikia vibaya kukaa na mwenzangu kwenye meza ile, na sijui mkuu wa shule asiyejisikia hivyo.

Najua jibu litakalokuja kwanza ni usalama, na si jibu la kudharauliwa. Hakuna Mkenya aliyesahau shambulio la kigaidi la Westgate, Septemba 2013. Hakuna mwalimu aliyesahau Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliouawa, wengi wao wakiwa wanafunzi waliokuwa bado wamelala au wakisali. Ninapomwandalia mwanafunzi barua ya kumwombea nafasi chuoni, siku ile hunijia. Lakini mmoja wa waliofanya unyama ule Garissa alikuwa Mkenya, mwana wa chifu, aliyesomea sheria katika chuo kikuu chetu wenyewe. Hakuhitaji kibali cha kutoka kambini. Mkimbizi, kwa upande wake, ndiye mtu ambaye serikali ina alama zake za vidole, picha yake, majina ya wazazi wake na historia ya alikotoka, kuliko raia wengi. Anayekusudia maovu hapangi foleni kuomba kibali, hupita porini. Anayeteremshwa kwenye basi ni yule aliyebeba karatasi.

Tena tumewahi kuona kinachotokea hofu inapoachwa itunge sera. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakiwemo raia wa Kenya, walikamatwa Nairobi katika operesheni ya Usalama Watch, na wengi wakazuiliwa kwenye uwanja wa Kasarani. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuifunga Dadaab na kuivunja idara ya wakimbizi. Mara mbili Mahakama Kuu ilituokoa na aibu: Julai 2013 ilipobatilisha amri ya kuwahamishia kambini wakimbizi wote waliokuwa mijini, na Februari 2017 ilipotamka kwamba kuifunga Dadaab kwa namna ile ni kinyume cha Katiba. Majaji hao hawakuwa watu wasiojua habari za Al-Shabaab. Walisoma Katiba ya 2010, wakaona kwamba utu wa mtu haukuwekewa sharti la uraia.

Na ua huu umewanasa hata Wakenya. Huko Garissa, wakati wa ukame, familia za Wakenya wenye njaa ziliwaandikisha watoto wao Dadaab ili wapate chakula na shule. Watoto wale wamekua, wametimiza miaka kumi na minane, wameomba kitambulisho, na mashine imesema kwamba alama zao za vidole ni za wakimbizi. Maelfu wamekaa miaka bila kitambulisho katika nchi ya baba zao. Mheshimiwa Gavana wa Garissa anawafahamu kuliko mimi.

Waheshimiwa, sisemi kwamba dunia nyingine imelitatua jambo hili. Wakati sisi tunabishania vibali, Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi siku ya kwanza ya utawala mpya, tarehe 20 Januari 2025, na hapa Kakuma kulikuwa na familia zilizokuwa zimepitia mahojiano na vipimo vya afya kwa miaka, zimeuza vitanda na sufuria kwa sababu zina tarehe ya ndege, ambazo zililazimika kuazima sufuria kwa majirani walioziuzia. Uingereza ilitumia fedha na miaka miwili ya siasa ikijaribu kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda, mpaka mpango huo ulipofutwa mwaka 2024. Nchi tajiri zinatufundisha ukarimu, kisha zinajenga kuta, na nina hasira nazo kama mlivyo nazo ninyi. Mnapokwenda Geneva kudai kwamba mzigo ugawanywe kwa haki, mimi niko nyuma yenu.

Lakini iko mifano ya kutazama. Mwaka 2022, Waukraine walipokimbia vita, Umoja wa Ulaya uliwapa katika siku chache ruhusa ya kukaa, kufanya kazi na kuchagua mahali pa kuishi, na mamilioni wakaanza kujilisha wenyewe. Yaani inawezekana, hata kwa idadi kubwa, hata kwa haraka, wakuu wakitaka. Kolombia, ambayo si nchi tajiri, iliamua mwaka 2021 kuwapa Wavenezuela hati ya miaka kumi ya kuishi na kufanya kazi kihalali. Uganda, jirani yetu, ina wakimbizi wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, na kwa sheria yake ya 2006 wanasafiri na kufanya kazi. Nimezungumza na waliotoka huko. Kuna njaa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Bidi Bidi pia, viwanja vimepungua, na kukatwa kwa misaada kumewapiga vibaya. Hata hivyo Mkongo wa Nakivale mwenye pikipiki anaweza kwenda nayo Mbarara asubuhi akarudi usiku bila kuandikiwa siku.

Na sisi Kenya tuna sababu yetu wenyewe ambayo Ulaya haina. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kongo mwaka 2022, Somalia mwaka 2024. Ongezeni Burundi, Rwanda na Uganda, mtaona kwamba idadi kubwa mno ya wakimbizi walio Kenya wanatoka nchi wanachama, ambazo tuliwekeana nazo Itifaki ya Soko la Pamoja tangu 2010, inayowapa raia wetu haki ya kwenda na kufanya kazi. Mfanyabiashara wa Juba anaingia Nairobi kwa pasipoti, anapanga nyumba Kilimani na kufungua ofisi. Ndugu yake aliyekimbia risasi anahitaji ruhusa kwenda Lodwar. Sheria yetu ya 2021 inamruhusu mkimbizi wa nchi mwanachama kuachia hadhi yake ya ukimbizi ili anufaike na haki za Jumuiya, na waliotunga kifungu hicho walikuwa na nia njema. Lakini kumwambia mtu aiache hifadhi yake ili apate kazi ni kumwambia avue koti la mvua kabla mvua haijaanuka. Siku akikamatwa kwa kukosa hati, atarudishwa kule kule alikokimbia. Hakuna kinachozuia haki zile zitolewe pamoja na hifadhi.

Kuhusu wale ambao hawatarudi kabisa, kwa sababu hawana pa kurudi, nitasema kama mwalimu wa Kiswahili. Sheria yetu ya uraia ya 2011 inamtaka mgeni anayeomba kuandikishwa awe ameishi nchini kihalali kwa miaka saba mfululizo, na awe anaelewa na kusema Kiswahili au lugha nyingine ya wenyeji. Ninao vijana wa Kidinka, Kisomali, Kibembe na Kioromo ambao wamezaliwa hapa, wanaoishi hapa miaka kumi na minane, na wanaojua ngeli za nomino kuliko watangazaji wengi wa redio. Kila muhula ninaposahihisha insha nakutana na methali ile ile, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kila mara aliyeiandika ni mgeni wa miaka na miaka ambaye hajapewa jembe. Nchi hii ilikwisha kuonyesha kwamba inaweza. Mwaka 2016 Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai kutambuliwa kuwa raia, na wakatambuliwa. Wakafuata Washona, kisha Wapemba mwaka 2023. Sikusikia kwamba Kwale au Kilifi imepungukiwa na kitu tangu ndugu zetu hao wapate vitambulisho. Wavuvi wa Kipemba walipata leseni za uvuvi, basi.

Niwakumbushe pia jambo la fahari. Mwaka 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki ilikwenda Rio de Janeiro ikiwa na wanariadha 10, na 5 kati yao walikuwa Wasudan Kusini kutoka Kakuma. Kenya nzima ilishangilia. Vijana wale walichaguliwa kwenye vumbi hili hili, lakini walikimbia mbele ya dunia baada ya kutolewa kambini na kupelekwa Ngong, kufanya mazoezi chini ya bingwa wetu wa mbio ndefu, Tegla Loroupe. Mbio zilikuwa miguuni mwao tangu mwanzo. Kilichoongezwa ni ruhusa ya kutoka.

Ombi langu kwenu ni moja, na linaweza kutimizwa bila kungoja mfadhili. Waziri ana uwezo wa kubadili kanuni ili kitambulisho cha mkimbizi, chenye alama za vidole na kinachoweza kuthibitishwa kwenye mashine popote, kiwe ndicho ruhusa yake ya kusafiri ndani ya Kenya. Anayetakiwa na polisi azuiwe kwa jina lake. Wengine wapite. Kama mnaona hilo ni kubwa mno kufanywa kwa siku moja, anzeni na wanafunzi waliopata nafasi vyuoni, wagonjwa wenye barua ya hospitali, walimu, wauguzi na mafundi wenye vyeti, na wote walioandikwa kundi la nne, kwa sababu hao mmekwisha kuambiwa kwamba wanaweza kujitegemea. Muwape kibali cha mwaka mzima kinachotolewa mara moja, na tarehe yake ianze siku kinapotua mkononi mwa mwenyewe. Kenya iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 tangu mwaka 1966, na uhuru wa kusafiri ndani ya nchi umo katika ibara yake ya 26. Halitakuwa jambo jipya.

Bunge nalo liulize, katika kikao cha wazi, ni vibali vingapi vya daraja la M vilivyotolewa kwa wakimbizi tangu Februari 2022, vingapi viliombwa, na vilichukua muda gani. Maseneta waulize katika bajeti ya Mpango wa Shirika ni kiasi gani kitaajiri walimu kwa mshahara wa kweli. Haya yana majibu ya tarakimu, na wananchi wa Turkana na Garissa, pamoja na wageni wao, wana haki ya kuyasikia.

Msichana niliyemtaja mwanzoni ameomba tena nafasi chuoni mwaka huu. Kwa sasa anawafundisha watoto wa darasa la nne kusoma, kwa insentivu, na jioni hupita nyumbani kwangu kuazima vitabu. Barua ya chuo ikija, atahitaji kibali kingine, na msimu wa mvua utakuwa umeanza. Ningependa niwe na jibu lenu la kumsomea kabla ya siku hiyo.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu wa Kiswahili
Kakuma, Turkana Magharibi